Jiko la Ardis Tveit Ndani ya Stesheni

Sijui nani aliwadanganya watu wa chama cha makumbusho kwamba mimi ni mwandishi. Shule niliiacha darasa la saba, baba kavunjika nyonga na ng'ombe kumi na nne wakilia zizini, na tangu siku hiyo nilichoandika ni vitu vya kununua dukani na majina nyuma ya picha. Lakini wamekuja, wakaniwekea kalamu mezani kana kwamba nimeshakubali, wakasema niandike habari za Ardis kwa ajili ya barua ya chama, ile inayotumwa kwa posta kwa kila aliyewahi kuzaliwa kaunti hii. Kwa nini mimi? Kwa sababu waliomfahamu vizuri zaidi wako makaburini. Haya. Atakayeona kosa la herufi alinyamazie. Na sitamsifu Ardis, maana hapendi, na tena ni mtu mgumu kama ngozi ya buti.

Ardis Tveit alizaliwa maili nne kaskazini ya mji wetu wa Halsnes, akaolewa maili sita kusini, na hakuwahi kuona sababu ya kwenda mbali zaidi ya hapo. Mumewe, Leland, alikuwa mtu wa maneno machache. Walipata binti mmoja, naye aliolewa Arizona, hupiga simu Jumapili baada ya ibada na kuuliza kama kuna baridi.

Treni ya mwisho ya abiria ilipopita Halsnes, Ardis alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Stesheni, jengo la mbao, ikabaki na njiwa. Wenye reli wakasema mwenye kuitaka aiondoe kwenye kiwanja chao kabla theluji haijaanguka. Wanaume wakakaa kwenye ghala la nafaka wakijadili wiki tatu. Siku moja Ardis akaingia humo na aproni yake, akamwambia Orlan Bakke, mkulima aliyekuwa na matrekta makubwa kuliko wote, "Wewe unalo trekta au unalo pambo la uani?" Kesho yake Orlan na wenzake wakapenyeza magogo chini ya jengo, wakafunga minyororo, wakalivuta kutwa nzima hadi kwenye kiwanja cha kaunti. Kioo kimoja tu ndicho kilichopasuka. Ardis na wanawake kumi na mmoja wa kanisa wakasugua mavi ya njiwa siku nne. Leland akachora kibao: MAKUMBUSHO.

Na watu wakaleta vitu. Jamani, walileta! Vinanda kumi na kimoja vya kukanyaga kwa miguu. Pasi za chuma arobaini na sita. Magauni ya harusi yaliyokuwa yamebana kila bibi harusi wa ukoo. Ndama mwenye vichwa viwili aliyejazwa majani makavu, ambaye watoto walimpenda kuliko historia yote ya kaunti. Kila majira ya kuchipua walikaanga chapati za maji ukumbini mwa kanisa, kila vuli wakashona blanketi la viraka la bahati nasibu, na wakulima wakapiga kura kwamba kipande kidogo cha kodi kiende kununua mafuta ya kupashia stesheni joto.

Kaunti nayo ikaandika masharti yake. Kiwanja na jengo ni vya chama mradi chama kiko hai, na chama kiko hai kikifanya mkutano kila Machi, ndani ya jengo lenyewe, wanachama wenyewe wakiwa wamekaa vitini. Wangapi? Wanaume walipendekeza watatu. Ardis akacheka kwa dharau. Akasema watatu ni mchezo wa karata, andikeni saba. Mwaka ule walikuja watu sabini na wengine wakasimama nje dirishani. Nani angefikiri saba ni wengi?

Basi miaka ikafanya kazi yake. Mashamba yakamezana, watoto wakaenda Fargo na Minneapolis, shule ikaunganishwa na ya kaunti jirani, na basi la wanafunzi waliokuwa wakija kumtazama ndama likaacha kuja. Wanawake wale kumi na mmoja wakazikwa mmoja mmoja, na kila mazishi Ardis alipika sufuria la viazi na nyama, akalipeleka, akarudi na sufuria tupu.

Leland naye akafa, mwezi wa kupanda. Ardis akauza shamba, akahamia kijumba cha mjini chenye zulia la rangi ya uji. Jiko la mama yake halikupita mlangoni. Ni jiko la kuni la chuma, lina miguu kama ya simba, na karibu na oveni yake ndipo Ardis alipowekwa ndani ya kisanduku cha viatu apate joto, alipozaliwa kabla ya wakati. Akalipeleka stesheni. Akapeleka na meza, na kabati, na vikombe vyenye ukingo wa buluu, na pazia la dirishani, akapanga kila kitu kama kilivyokuwa, kwenye chumba kilichokuwa cha mizigo. Akafunga kamba mbele yake, akaweka kikadi: JIKO LA SHAMBANI, MIAKA YA THELATHINI.

Halafu akawa anaifungua kamba, anaingia, anaifunga tena nyuma yake. Kila mchana. Anakaa mezani kwa mama yake na chupa yake ya kahawa, mikono juu ya mbao alizozisugua utotoni. Nyumbani kwake alilala tu. Siku moja familia kutoka Minnesota ilisimama mbele ya kamba, mtoto akasema, "Tazama, wameweka sanamu ya bibi." Ardis akainua kikombe akanywa. Mtoto alipiga kelele hadi barabarani. Ardis alinisimulia hayo huku akicheka, kisha akasema, "Walikuwa wageni wa kwanza tangu Julai." Ilikuwa Septemba.

Sasa nieleze jambo ambalo watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa, ila barua hii inafika kwa wajukuu waliokulia mbali. Kwetu mtu akikukaribisha kahawa unasema, "Aa, usijisumbue." Akirudia unasema, "Labda tone tu." Akirudia tena unakunywa vikombe vitatu na keki. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, na anayekaribisha mara moja tu hakuwa na nia. Na kuomba ndiyo kabisa haiwezekani. Ukihitaji msaada unazungumzia hali ya hewa mpaka mwenzako akisie.

Oktoba moja, siku ya Alhamisi, aliingia stesheni Marivic Dumalagan, nesi wa nyumba ya wazee, mtu wa Ufilipino aliyekuwa akiishi Halsnes mwaka wa tatu. Alikaa saa mbili. Hakuna anayekaa saa mbili. Alisoma kila kikadi, hata vya pasi, ambazo zote arobaini na sita zimeandikwa PASI. Mwisho akasema, "Bibi Ardis, unahitaji mtu wa kukusaidia? Alhamisi sina zamu."

Moyo wa Ardis ulimruka. Lakini mdomo ukasema ulichofundishwa: "Aa, usijisumbue, mwanangu. Naweza mwenyewe."

Akasubiri.

Marivic akatabasamu, akasema sawa, akavaa koti lake, akaenda zake. Ardis akabaki amesimama na chupa ya kahawa mkononi. Kikombe cha pili alikuwa ameshakiweka mezani. Alhamisi iliyofuata alikiweka tena, na iliyofuata, hadi karibu Krismasi. Kisha akakirudisha kabatini.

Miaka miwili ikapita hivyo. Ukaja mkutano wa Machi. Ardis alibandika tangazo posta, benki na kanisani: mkutano, saa nane mchana, kahawa ipo. Hakuongeza neno. Angeandika kwamba mwaka uliotangulia walifika saba kamili, na wawili kati yao wamekwisha kufa? Hilo lingekuwa kuomba. Na kila aliyesoma tangazo akajiambia, Ardis ana watu wake, mimi wa nini pale.

Alipanga viti thelathini. Tukaja wanne. Yeye, mimi, Virgil Sather aliyekuwa mbeba barua, na Dwight Kolstad, diwani wa kaunti, ambaye mama yake alimwandikisha uanachama akiwa bado ananyonya. Tulisubiri hadi saa nane na nusu. Dwight akakohoa.

"Bibi Ardis, tuko wanne."

"Najua kuhesabu, Dwight. Mimi ndiye niliyekufundisha, shule ya Jumapili, na ilinichukua majira mawili ya baridi."

"Masharti yanasema saba."

"Nayajua. Niliyasimamia yakiandikwa."

"Basi unajua yanasema pia mkutano mmoja wa marudio, ndani ya wiki mbili, halafu..." Akaanza kuikagua kofia yake. "Kaunti haina pa kuweka magreda ya theluji, bibi. Si mimi. Ni kaunti."

"Kaunti ni wewe na wenzako wawili na mbwa wa karani."

Virgil akacheka mpaka akapaliwa.

"Na vitu vyetu?" Ardis akauliza.

"Makumbusho ya jimbo watachagua wanavyovitaka. Vingine mnada."

"Jiko la mama?"

Dwight ni mtu mwema, na hapo sauti yake ilishuka. "Jimbo wanayo majiko, bibi. Niliwapigia kuuliza. Wanayo thelathini."

Ardis akasukuma sahani. "Kula keki."

"Aa, usijisumbue."

"Kula keki, Dwight."

"Kipande kidogo basi."

"Kula, mwana, kabla sijakulisha."

Akala vipande viwili. Mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa mtu angedhani mwanamke aliyevuta stesheni kwa matrekta angechukua simu apige. Hapana. Wiki ya kwanza ya zile mbili alioka biskuti, akavaa koti la kanisani, akazunguka nyumba kwa nyumba. Kwa akina Lindvik alizungumzia barafu ya kwenye mapaa. Kwa mjane wa mchungaji alizungumzia bei ya ngano, ambayo hakuna kati yao aliyekuwa akiipanda. Kwa kijana aliyenunua shamba lake mwenyewe alizungumzia kisima, saa nzima, na yule kijana akadhani amekuja kukagua kama anakitunza. Kila mahali walimshukuru kwa biskuti. Kila mahali alirudi kwenye gari lake, akakaa na funguo mkononi bila kuliwasha, akitazama mapazia ya wenyewe. Neno lilikuwa hapa kooni. Halikutoka.

Siku ya kumi akafika nyumba ya wazee kumtembelea Orlan Bakke, yule yule wa matrekta, sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu na blanketi magotini. Marivic alikuwa akimpima presha. Ardis akaketi, akasema theluji bado ipo. Akasema upepo umegeukia magharibi. Akasema theluji ya mwaka jana iliyeyuka mapema.

"Ardis," Orlan akasema, "umekuja kunitangazia theluji? Ninalo dirisha."

"Nimekuja kukuona."

"Umeniona. Sijapendeza zaidi. Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Anataka kitu," Marivic akasema bila kuinua macho kwenye kipimo. "Hata mimi naona, na mimi si wa hapa."

Ardis akageuka kama aliyechomwa sindano. "Wewe usiseme. Wewe ndiye uliyenikimbia."

"Mimi? Mimi nilikuja kukuomba kazi ya bure, ukanikataa!"

"Sikukukataa. Nilisema usijisumbue."

"Ndiyo. Na sikujisumbua."

Orlan alicheka hata kipimo kikapiga kelele. "Binti, ulitakiwa umwulize mara tatu!"

"Mara tatu? Kwetu hiyo ni ya chakula. Ya kazi, mtu mzima akisema hapana, unamheshimu, unaondoka." Marivic akamtazama Ardis vizuri sasa, na kicheko kikamwisha usoni. "Bibi, ulikuwa unasubiri?"

 Ardis alikuwa akiutazama ule mpira mweusi wa kipimo mkononi mwa Orlan, ukijaa na kupungua. Alikuwa na miaka themanini na mitatu. Alizika mume, akauza ardhi, hakuomba hata mtu wa kumshikia mlango. Akasema akiuambia ule mpira:

"Jumamosi nahitaji watu saba ndani ya stesheni. Ninao wanne. Nikikosa, wanauza jiko la mama. Naomba mniletee Orlan. Naomba na Mwalimu Borghild aliye humu. Na wewe naomba uje, uandike jina kitabuni."

Marivic akakiweka kipimo chini.

"Namfahamu huyu tangu tunanyang'anyana kifutio," Orlan akasema polepole. "Hilo neno sijawahi kulisikia likitoka kwake."

"Gari linahitaji ruhusa ya meneja," Marivic akasema. "Nitamwomba."

"Mwombe mara tatu," Orlan akasema.

Jumamosi theluji ilianguka tangu alfajiri. Virgil akaipiga koleo kwenye njia ya mteremko, ikaanguka, akaipiga tena. Saa nane ikapita. Dwight alikaa na saa yake mkononi, ila niseme haki yake, aliigeuza ikatazama chini. Saa nane na dakika arobaini gari la nyumba ya wazee likajitokeza, taa zikiwaka, na wakashushwa: Orlan, amefungwa mablanketi kama mzigo wa posta, na Mwalimu Borghild Onstad, miaka tisini na sita, aliyetufundisha sote kusoma, au kujaribu. Marivic akavua glavu, akaandika jina lake kwenye kitabu cha wanachama, kwenye ukurasa ambao jina la mwisho liliandikwa miaka tisa kabla.

Saba. Ardis akagonga meza. Dwight akainua kidole.

"Samahani. Orlan amelala."

"Na wewe kwenye vikao vya kaunti?"

"Mimi hufumba macho tu, nafikiri."

"Naye anafikiri. Andika saba."

Mwalimu Borghild akazungusha macho ukumbini. "Haya ni mazishi ya nani?"

"Si mazishi, Mwalimu," Ardis akasema. "Ni mkutano."

"Mbona basi viti vingi vitupu?"

 Tukapiga kura chama kiendelee, mikono sita ikainuka, na Marivic akauinua wa Orlan, naye akazinduka akasema "Naunga mkono" bila kujua anaunga nini. Ikafika zamu ya kuchagua mwenyekiti. Ardis akauliza nani angependa. Akauliza tena. Alikuwa na matumaini ya mtu kusema, Ardis, mwaka huu pumzika. Mimi nilitazama viatu vyangu. Naandika hilo kwa sababu ni kweli. Akachaguliwa yeye, kwa mara ya arobaini na kitu.

Gari lilitakiwa kurudi kabla ya dawa za saa kumi. Walikula, wakafungwa mablanketi, wakaenda. Dwight akamshika mkono, akaenda kusimamia magreda yake. Virgil aliumwa mgongo. Nami nilikuwa na ng'ombe. Ndani ya dakika ishirini Ardis alikuwa peke yake na viti ishirini na vinne ambavyo havikukaliwa.

Alivikunja kimoja kimoja. Akaosha vikombe. Akafungua kamba, akaingia kwenye jiko la mama yake, akaketi, akaweka mikono mezani. Alikuwa ameshinda, na alingoja ile furaha ije. Upepo ulikuwa ukisukuma theluji dirishani. Jiko lilikuwa lake kwa mwaka mmoja mwingine, na ule ukimya wake pia.

Marivic alikuja Alhamisi. Mwanzoni alikuja Alhamisi nyingi, wakanywa kahawa ndani ya kamba wote wawili, na Ardis akamweleza pasi moja moja ilikuwa ya nani. Kisha zamu zikabadilishwa, ikawa mara mbili kwa mwezi, kisha mara moja. Si kosa la mtu. Desemba Ardis akateleza kwenye ule mteremko, nyonga, kama baba yangu. Sasa yuko nyumba ya wazee, chumba cha kumi na mbili, na dirisha lake linatazama tanki la maji. Macho yamemwishia, barua hii hataisoma. Kila Ijumaa namtembelea, na kila Ijumaa anauliza nani alikuja stesheni juma hili. Wiki iliyopita nilimwambia walikuja watu watatu kutoka Montana, wakalipenda jiko. Akauliza kama waligusa vikombe. Nikasema hapana, walisimama nje ya kamba kwa adabu. Akalala vizuri siku ile, Marivic aliniambia.

Hakuja mtu.

Mwalimu Borghild tumemzika. Orlan tumemzika. Ardis mwenyewe madaktari hawamruhusu kutoka barafu ikiwapo. Tumebaki wanne, na mmoja wetu ni Dwight.

Kwa hiyo sikiliza, wewe uliyesoma mpaka hapa ukiwa umekaa mahali pako pa joto. Mkutano ni Jumamosi ya kwanza ya Machi, saa nane mchana, Halsnes. Usituletee kinanda. Usituletee pasi. Usitutumie kadi yenye maua kutuambia jinsi mnavyotukumbuka. Kama babu yako alizaliwa kaunti hii, au hakuzaliwa lakini umeguswa, panda gari lako uje uandike jina lako na ukae kwenye kiti mpaka tumalize. Wa Arizona, ndege zipo. Na ukitoka hapo pita chumba cha kumi na mbili, umwambie Ardis kwa mdomo wako kwamba ulikuwepo, ili mimi niache kumdanganya.